Siku nne mkononi: Hyderabad, Lucknow au Ahmedabad?

MwanaKibokoni
Assalaam alaikum nyote. Disemba nampeleka mamangu Hyderabad kutibiwa goti. Akishatoka hospitali tutangoja siku kama kumi kabla ya kurudi kwa daktari. Dadangu atakuja kukaa naye, kwa hiyo mie nitakuwa na siku nne zangu. Nikishapanda ndege ya Mombasa, India sijui nitaiona tena lini. Nimebakiwa na mambo matatu: nizunguke hapohapo Hyderabad, niruke hadi Lucknow, au Ahmedabad. Majengo ya kale nayapenda, lakini nisiwafiche, tumbo ndilo linaloniongoza. Mliofika, nambieni.

BahariaMstaafu
Baki hapohapo. Watu wetu huenda Hyderabad kila mwaka, wanaijua hospitali, nyumba ya wageni na duka la dawa, kisha wanarudi wakisema wameuona mji. Mie nilimuuguza kakangu huko wiki tatu. Wiki ya pili nikaanza kutoroka alfajiri.

Charminar, lile jengo la minara minne, imejengwa 1591, mwaka uleule Muhammad Quli Qutb Shah alipouanzisha mji. Ifike mapema, kabla wachuuzi hawajaziba njia. Pembeni yake ni Laad Bazaar, mtaa mzima wa bangili za lakiri zilizopachikwa vioo. Hatua chache tu kuna Makkah Masjid. Masultani wa Qutb Shahi waliuanza, akaja kuumaliza Aurangzeb, mfalme wa Mughal, mwaka 1694, yuleyule aliyewanyang'anya ufalme.

Ngome ya Golconda usiikose. Ukipiga makofi chini ya kuba la lango la Fateh Darwaza, mlio unasikika Bala Hissar, juu kabisa kilimani. Nilidhani porojo za waongoza wageni. Nikamtanguliza kijana mmoja apande, mie nikabaki chini nikapiga makofi, nikamwona ananipungia mkono. Aurangzeb aliizingira ngome hiyo miezi minane, na mwaka 1687 akaingia kwa kufunguliwa mlango na mtu wa ndani. Makofi hayakusaidia kitu.

UpawaWaShaba
Mzee wangu, umesema mengi ukaacha chungu!

Mwanangu MwanaKibokoni, biriani ya Hyderabad si hii yetu. Sisi hupika masala mbali na wali mbali, vikakutana kwenye sinia. Wao, ile ya kachchi, nyama huingia chunguni mbichi. Inalazwa kwenye mtindi, tangawizi, thomu, pilipili na vitunguu vya kukaanga, juu yake wali uliochemshwa nusu, zafarani, kisha mfuniko unazibwa kwa unga uliokandwa. Moto chini, makaa juu, kama tunavyopalia wali. Mpishi hana nafasi ya kufunua aonje. Akikosea, kakosea kwa watu mia. Huletwa na mirchi ka salan, mchuzi wa pilipili kubwa uliokolezwa njugu na ufuta. Usiudharau, nusu ya utamu uko humo.

Haleem yao ni ndugu wa bokoboko letu, ila ina viungo vingi na dengu. Ni chakula cha Ramadhani hasa, Disemba hutaikuta kila kona. Ukiwa na hamu, nenda mtaa wa Barkas. Jina limetokana na kambi za askari Waarabu wa Hadhramaut waliomtumikia Nizam, mtawala wa Hyderabad, na wajukuu zao bado wako hapo na mandi yao, wali wa nyama wa Kiarabu. Utaona kofia na vikoi ukafikiri umeshuka Mji wa Kale.

Asubuhi: chai ya Irani na biskuti za Osmania. Tamu na chumvi pamoja. Mie nilirudi na pakiti sita.

BintiSur
Nawaheshimu wakubwa zangu, lakini mnamzuia mtoto wa watu asione Lucknow! Nimekwenda mara mbili kutoka Muscat.

Hyderabad chakula chake kinakupiga kofi, cha Lucknow kinakunong'oneza. Kababu ya galawati huishiki kwa kidole, inamomonyoka. Husimuliwa kwamba ilibuniwa kwa ajili ya nawabu, mtawala wa huko, aliyeng'oka meno. Duka lake mashuhuri la Tunday mtaani Chowk lipo tangu 1905. Alfajiri kuna nihari, mchuzi wa nyama uliopikwa usiku kucha, na mkate wa kulcha. Na Disemba ndio msimu wa makhan malai, povu la maziwa lenye zafarani ambalo wauzaji huliacha usiku kwenye umande. Jua likikaza limekwisha. Hiyo Aprili huipati hata ulie.

Halafu Bara Imambara, jumba la maombolezo la Mashia. Nawabu Asaf-ud-Daula aliianza 1784 wakati wa njaa, ili watu wapate kazi na chakula. Ukumbi wake una urefu wa kama mita 50 na hauna nguzo hata moja katikati. Juu yake ni Bhul Bhulaiya, vichochoro vya kupotezana. Sisi tulijidai hatuhitaji mwongozaji. Dakika ishirini baadaye tulikuwa tunamwita kwa sauti.

MjukuuWaDukani
Hakuna wa kuitetea Ahmedabad? Basi mie.

Wahindi wengi tuliokulia nao pwani, wenye maduka ya vitambaa na vyuma, asili yao ni Gujarat na Kachchh. Bhajia, chevda na kachori tumezipokea kutoka kwao. Manek Chowk mchana ni soko la dhahabu na fedha, usiku sonara akifunga, mabenchi yanapangwa na mtaa mzima unakuwa jiko. Ahmedabad ndio mji wa kwanza wa India kuingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia kama mji mzima, mwaka 2017. Ule mji wa ndani ni mitaa ya pol, nyumba za mbao zilizochongwa, uchochoro unaingia ua, ua unatoka uchochoro.

Ila kilichonipeleka mie ni msikiti wa Sidi Saiyyed, wa mwaka 1573. Mjenzi wake ni Mhabeshi, yaani Mwafrika aliyepanda cheo katika usultani wa Gujarat. Dirishani kuna mti uliochongwa kwenye jiwe hadi matawi yanasokotana kama kimia. Msikiti ni mdogo, magari yanauzunguka pande zote, nikakaa chini nikasahau njaa.

UpawaWaShaba
Umesahau njaa kwa sababu hakuna nyama!

MjukuuWaDukani
Shangazi, ipo. Nenda Bhatiyar Gali karibu na Teen Darwaza. Lakini kweli, mji kwa jumla ni wa mboga na dengu. Mla nyama wa siku nne ataona dhiki.

BahariaMstaafu
Kama ni Waafrika, Hyderabad wapo pia. Kuna mtaa unaitwa A.C. Guards, yaani walinzi Waafrika wapanda farasi wa Nizam. Masiddi, Wahindi wenye asili ya Afrika, wanaishi hapo mpaka leo.

DaktariWaViatu
Mmesahau ukungu. Disemba mwishoni na Januari, kaskazini ndege hukwama saa nyingi. Mie nilikwama Lucknow usiku mzima, na shirika halikunipa hata maji. Mwenye mama mgonjwa mji mwingine asijitie huko. Na cheti cha homa ya manjano ukae nacho mkononi, kutoka Kenya wanakidai.

Salar Jung Museum hufungwa Ijumaa, msije mkaenda kama mimi. Na dereva wa tuktuk akikwambia "lulu bei nzuri, kutazama tu", mwambie hapana. Mie nilipelekwa maduka matatu kabla ya kufika Charminar.

BintiSur
Ukungu ni kweli, siwezi kubisha. Kama ingekuwa Novemba ningepigana.

MwanaKibokoni
Ahsanteni sana. Mamangu nimemsomea yote. Ya Golconda kacheka, kasema nipande kwa niaba ya goti lake. Basi Hyderabad siku zote nne: ya kwanza Charminar na Makkah Masjid, ya pili Golconda na makaburi ya Qutb Shahi, Ijumaa Barkas, ya mwisho Salar Jung. Ahmedabad naiweka kiporo, ule mti wa jiwe umeniingia.

Shangazi UpawaWaShaba, hizo biskuti za Osmania zinafika Mombasa hazijavunjika?

UpawaWaShaba
Zikae kwenye begi la mkononi, katikati ya kanga za mamako. Na uniletee pakiti mbili.