Lushoto hadi Mtae kwa miguu, kitabu mkononi: mgeni wa milima ataweza? Naombeni ushauri

Msomaji Mpole:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na tafadhali kejeli tuziweke pembeni. Tuna kikundi cha kusoma vitabu vya zamani hapa Dar, sasa hivi tuko na Utubora Mkulima cha Shaaban Robert. Tumepanga Pasaka twende Lushoto, tutembee hadi Mtae, na kila jioni tusome kipande na kukijadili. Swali: mtu ambaye hajawahi kupanda hata kilima anaweza kuimaliza njia ile kwa siku tatu? Usingizi sina.

Mwalimu Mstaafu:
Kijana, kitabu umekielewa? Utubora aliacha kazi ya mshahara akaenda Busutamu kushika jembe, hakwenda kupiga picha. Halafu Shaaban Robert ni mtu wa pwani, kazaliwa 1909 Vibambani, kule Machui, jirani na Tanga mjini. Mkitaka nyayo zake shukeni Tanga. Huko hata magoti yangu yanafika.

Binti Pangani:
Mwalimu umenikumbusha mbali. Sisi shuleni tulisoma Kusadikika cha huyohuyo Shaaban Robert, kitabu kimoja watu watano, mwenye kidole kikavu ndiye anafunua kurasa. Mimi nilipewa kusoma utetezi wa Karama barazani, nikausoma kwa hisia mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani. Leo nimeolewa na mtu asiyesoma hata karatasi ya dawa. Samahani, swali lilikuwa nini?

Kiroboto:
Pasaka, Usambara, kwa miguu. Bebeni gambuti.

Mzee wa Soni:
Mimi mwenyeji wa huku. Pasaka inaangukia kwenye masika. Mvua ikizidi, barabara ya kutoka Mombo kuja juu inashukiwa na mawe. Na huu udongo wetu mwekundu ukilowa unaganda kwenye soli, kila hatua chache unasimama kuukwangua na kijiti, ukimaliza mguu mmoja wa pili umeshajaa. Njia wanayopita wengi ni msitu wa Magamba, mnatokea Lukozi, mnalala Rangwi kwa masista, ndipo Mtae. Magamba ni hifadhi, kuna kibali na kuna kulipia. Ukungu ukishuka alasiri, mwenzako wa mbele humwoni, unamsikia tu akikohoa. Mgeni ataweza akiwa na mwenyeji. Sasa nikuulize, huyo asiyewahi kupanda ni nani? Na anayeongoza ni nani?

Msomaji Mpole:
Ni mwenzetu mmoja tu, Mzee wangu. Kiongozi yupo.

Mzee wa Soni:
Nani?

Msomaji Mpole:
Haya. Kiongozi ni mimi, na asiyewahi kupanda ni mimi huyohuyo. Kikundini niliwaambia njia naijua, na kwenye ramani naijua kweli, nimeipitia kwenye simu mpaka vichochoro. Watu 14 wameshalipa. Hela imeingia kwenye fulana na malipo ya awali ya Coaster, kwa hiyo habari ya kuahirisha msiniletee. Wenyewe ni watu wa maofisini, hawatagundua.

Kiroboto:
Ukungu utagundua.

Mwalimu Mstaafu:
Hela ya watu ni amana. Vijana mnasoma vitabu vya adili halafu mnaviacha mezani.

Binti Pangani:
Wajumbe wa Kusadikika walisafiri kweli, wakarudi wakatiwa gerezani. Wewe hata hujaondoka ushaanza kulitafuta.

Jicho Kali:
Wadau, hii chai. Akaunti imefunguliwa jana, picha yake ni Irente hapo Lushoto, pale ukingoni mwa genge, na mtu asiye na usingizi anapangaje sikukuu, njia na fulana vizuri hivi? Hili ni tangazo la safari. Subirini, kesho anashusha namba ya simu.

Msomaji Mpole:
Picha nimeitoa mtandaoni tu jamani.

Jicho Kali:
Ndicho ninachosema.

Kiroboto:
Kama ni tangazo aweke bei. Shemeji yenu anapenda sana baridi.

Binti Pangani:
Na mimi nimo, ila Rangwi nataka chumba cha peke yangu.

Mwalimu Mstaafu:
Chumba! Utubora alikuwa na shamba tu na akaridhika.

Mzee wa Soni:
Tangazo au si tangazo, mimi nimjibu alichouliza. Kijana, njoo wewe mwenyewe kwanza, kabla hujaleta watoto wa watu. Pale Lushoto mjini wapo vijana wanaoongoza wageni kila siku, mchukue mmoja, mpite njia nzima, ujue maji yako wapi na pa kukatisha ni wapi. Na hizo fulana hazizuii mvua.

Msomaji Mpole:
Ruhusa kazini sipati, Mzee. Hawezi kunielekeza kwa simu siku hiyohiyo, tukiwa njiani?

Mzee wa Soni:
Kuna mabonde humo simu haishiki kabisa.

Msomaji Mpole:
Basi aniandikie kabisa, nitaprinti.

Kiroboto:
Bei bado hujaweka.