Biashara Street Mombasa: nina asubuhi moja, nataka kanga na chakula

MwanaMoshi: Habari zenu. Mwezi ujao nitalala Mombasa usiku mmoja, basi la kurudi ni saa nane mchana. Nataka kumnunulia mama doti tatu za kanga Biashara Street, kisha nile chakula cha wenyeji. Nianzie wapi? Bei zinapungua?

BintiKibokoni: Karibu sana dada. Mtaa huo naujua tangu nikishikwa mkono na bibi. Nenda saa tatu asubuhi, jua halijawa kali. Isiwe Ijumaa mchana, maduka mengi hufungwa watu wakaenda kuswali, na Jumapili pia mengi hayafunguliwi.

Usikimbilie rangi. Mwambie muuzaji akukunjulie uisome. Pindo (ukingo wake) zuri, mji (pambo la katikati) mzuri, lakini kinachosema ni jina, yaani maandishi yake. Nilipoolewa nilimpelekea mama mkwe doti ya zambarau bila kuisoma, kumbe imeandikwa "Hasidi hana sababu". Aliipokea, akaikunja, sikumwona nayo hata siku moja. Jambo hilo liliniuma mno, na hadi leo sinunui kanga kabla sijaisoma mara mbili. Kwa mama yako ulizia "Nani kama mama". Ukiona "Mali ya Abdulla" kwenye ukingo, hao ni wauzaji wa kanga wa mtaani hapo, biashara yao ilianza Mombasa 1887.

Bei ya doti moja haishuki sana. Ukichukua tatu, omba upunguziwe.

Jambo jingine: zinauzwa mbili zikiwa zimeungana. Usiondoke nazo hivyo, barazani kuna mafundi wa cherehani. Anachana katikati, anakunja ukingo kwa kidole gumba bila kupima, anapinda huku anaongea na wewe. Chai haijapoa, kazi imekwisha.

Baharia77: Chakula: anza na mahamri na mbaazi za nazi kabla ya maduka, ukichelewa huisha. Baadaye vuka Digo Road uingie soko la Marikiti ununue iliki na pilipili manga, halafu shuka Langoni hadi Mji wa Kale. Viazi karai vya moto na ukwaju, kachiri za muhogo zenye pilipili na ndimu. Dafu unywe hapo hapo, mwambie akupasulie ule na nyama yake.

BintiKibokoni: Ongeza kahawa tungu, dada. Ukiona dele (birika la kahawa) la shaba juu ya makaa, simama, ukae na wazee. Kikombe ni kidogo, kahawa ina tangawizi, na ukipata kipande cha haluwa huhitaji kingine. Ndiyo Mombasa ninayoipenda mimi.

MwanaMoshi: Asanteni sana, nimeandika yote. Moja nitatafuta hiyo ya "Nani kama mama", mbili nitachagua nikizisoma. Mama hakusoma shule, nitamsomea mwenyewe nikifika nyumbani.