Tupeane uzoefu: Mizuka ya Mnara wa London, upi una ushahidi na upi umepikwa?

Kobe Mpole

Wakuu, majumba yenye mauzauza yakitajwa tu, Mnara wa London haukosi, na malkia wake asiye na kichwa haachwi nyuma. Uzi huu ni wa wanaoijua ngome yenyewe: mawe, vyumba, hukumu na tarehe zake. Ukileta mzuka, taja mambo matatu: tukio lenyewe lilikuwa mwaka gani, habari ya mzuka ilianza kusimuliwa lini, na aliyeuona alikuwa nani, yuko kwenye shughuli gani. Zile za "shemeji wa rafiki yangu aliona kwa macho yake" tuziachie uzi mwingine.

Natangulia na jengo. White Tower, ule mnara wa katikati, ulianza kujengwa miaka ya 1070 kwa amri ya William wa Normandia, msimamizi akiwa Gundulf, askofu wa Rochester. Chini kuta zina unene wa karibu mita 4.5, na kimo ni kama mita 27. Mawe mazuri ya kona na madirisha yaliletwa kwa meli kutoka Caen, ng'ambo ya bahari. Halikujengwa liwe gereza. Lilikuwa makao ya mfalme na ghala la silaha, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwatia watu wa London adabu. Hata hivyo mfungwa wa kwanza anayejulikana, Askofu Ranulf Flambard, aliingia mwaka 1100 na kufikia Februari 1101 alikuwa ametoroka: kamba iliingizwa ndani ya chombo cha mvinyo, walinzi wakanyweshwa mpaka wakalala, yeye akashuka dirishani.

Karibuni.

mama_tausi

Nianze na Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry VIII na ndiye malkia asiye na kichwa, maana ndiye mnayemngoja.

Aliuawa tarehe 19 Mei 1536. Wengi wanachora gogo na shoka, na hapo ndipo wanapokosea. Henry VIII alimwagiza mkata vichwa kutoka upande wa Calais, mtu wa upanga. Kwa upanga hakuna gogo: mhukumiwa anapiga magoti, kiwiliwili wima, na pigo linatoka ubavuni. Shida yake ni moja, akigeuza kichwa sekunde ile upanga unaangukia bega au taya. Ndiyo sababu alifungwa kitambaa machoni. Lilitosha pigo moja. Jeneza halikuandaliwa, kwa hiyo mwili ukatiwa kwenye sanduku la kuhifadhia mishale na kuzikwa ndani ya kanisa la St Peter ad Vincula, hatua chache kutoka pale. Mwaka 1876, sakafu ya kanisa ilipofumuliwa kwa matengenezo, ilipatikana mifupa ya mwanamke iliyodhaniwa kuwa yake.

Sasa mzuka. Kisa kinachosimuliwa kuliko vyote ni cha 1864: askari wa lindo alikutwa amelala chini kama mfu, akashtakiwa kwa kusinzia kazini, akajitetea kwamba alimchoma kwa singe mwanamke aliyevaa nguo nyeupe na singe ikapita kama inapita hewani. Mashahidi wakamuunga mkono, akaachiwa. Rudini kwenye swali la tatu la Kobe: alikuwa kwenye shughuli gani? Alikuwa anakabiliwa na adhabu ya kulala lindoni. Sisemi aliongopa. Nasema utetezi mwingine hakuwa nao.

Nahodha Mstaafu

Mama Tausi umenena. Naongeza mahali. Ile kumbukumbu ya kioo ya waliouawa pale Tower Green, uwanja wa majani ndani ya ngome ambapo wageni wanapiga picha, iliwekwa mwaka 2006. Jukwaa la Anne wanahistoria wengi wa sasa wanaliweka kaskazini ya White Tower, kwenye uwanja ulio mbele ya jengo linaloitwa Waterloo. Jengo hilo ni la karne ya 19. Kwa hiyo mzuka unaozunguka kwenye majani ya Tower Green ukitafuta kichwa unatafutia mahali ambapo watalii wanaonyeshwa.

Halafu tarehe, na hii naipenda zaidi. Uingereza ilibadili kalenda mwaka 1752: baada ya tarehe 2 Septemba ikaja tarehe 14, siku 11 zikafutwa. Tarehe zote za kabla ya hapo ni za kalenda ya zamani. Ukitaka kujua kumbukumbu halisi ya miaka inaangukia lini, unaongeza siku 9 kwa karne ya 15 na siku 10 kwa karne ya 16. Fanyeni hesabu:

Mfalme Henry VI anadaiwa kutokea Wakefield Tower, mnara mwingine wa ngome hii, kila tarehe 21 Mei, usiku wa manane ukikaribia, maana aliuawa usiku wa 21 Mei 1471. Kwa jua na misimu, usiku ule ni 30 Mei yetu.

Jane Grey, malkia wa siku tisa, alikatwa kichwa tarehe 12 Februari 1554. Mwaka 1957, usiku wa kuamkia tarehe hiyo hiyo, kama saa tisa, askari wa lindo aliripoti umbo jeupe juu ya ukuta karibu na Salt Tower. Ilitakiwa iwe tarehe 22.

Yaani mizuka hii iliarifiwa mabadiliko ya kalenda.

Mwanagenzi

Nahodha umeua 😂 Ila mtu anaweza kusema roho inafuata kalenda ya walio hai.

Nahodha Mstaafu

Anaweza. Akisema hivyo, amekubali kwamba inafuata vichwa vya wanaoingoja, na hapo hatugombani.

Chongoe

Mfano mzito kuliko hiyo yote ni Margaret Pole, Countess wa Salisbury. Aliuawa 27 Mei 1541, mama wa miaka 67. Mzuka wake unasemwa unakimbia huku na huko, mkata vichwa akimfukuza na shoka mpaka anamwangusha. Kisa hicho cha kukataa kuinama kwenye gogo kimo katika kitabu cha historia kilichochapwa 1649, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake.

Taarifa ya wakati ule ule ni ya Chapuys, balozi wa mfalme mkuu Charles V. Anaeleza jambo tofauti na baya zaidi: mkata vichwa mzoefu alikuwa amepelekwa kaskazini, kazi akaachiwa kijana asiyejua, gogo lenyewe dogo, na kijana yule akamcharanga mama wa watu kichwani na mabegani. Kukimbizana hakutajwi.

Kwa nini shoka linaharibika? Shoka la Uingereza lilikuwa na uzito mwingi mbele, linaponda kuliko kukata. Likipinda kidogo mkononi, ubapa unatangulia. Robert Devereux, Earl wa Essex, mwaka 1601 alikatwa mara tatu, na hapo aliyeshika mpini hakuwa mwanafunzi.

Kwa hiyo mzuka wa Margaret unaigiza kitabu, si kifo chake.

Mwanagenzi

Na vyumba vya mateso? Kila video inasema mayowe yanasikika usiku.

mama_tausi

Watu wanafikiri kila aliyeingia pale aliteswa. Mateso yalihitaji hati ya Baraza la Mfalme, na nyingi ni za kati ya 1540 na 1640. Hati zenyewe zipo, zinasomeka.

Chombo kikuu kilikuwa fremu ya mbao yenye magogo ya kuzungusha kila upande. Mtu analazwa, kamba kwenye vifundo vya mikono na vya miguu, wenye mitaimbo wanazungusha. Kinachoachia kwanza ni viungo: mabega, viwiko, nyonga. Mfupa unabaki mzima, ila mtu hasimami tena. Anne Askew alifanyiwa hivyo mwaka 1546, na alipopelekwa kuchomwa moto Smithfield ilibidi abebwe kwenye kiti.

Anayetaka kuona matokeo kwa macho yake atafute sahihi za Guy Fawkes, mmoja wa waliopanga kulipua Bunge, za Novemba 1605. King James aliagiza waanze na mateso mepesi, wapande hatua kwa hatua. Sahihi ya baada ya mateso ni neno "Guido" lililoparazwa, mkono hauwezi kuminya kalamu. Chini ya maungamo mengine, siku chache tu baadaye, jina limeanza kukaa sawa. Hakuna mayowe ya usiku yatakayonishtua kuliko karatasi ile.

Chongoe

Uzi wa mateso hauwezi kumruka padri Mkatoliki John Gerard, 1597. Yeye hakunyooshwa. Alivishwa pingu za chuma, akapandishwa kwenye vidaraja, pingu zikatundikwa kwenye nguzo, kisha vidaraja vikaondolewa kimoja kimoja chini ya miguu. Uzito wote unabebwa na vifundo vya mikono. Aliandika kwamba alihisi damu yote imekimbilia mikononi na inataka kutoka kwenye ncha za vidole.

Namna alivyotoroka inafaa kusomwa taratibu. Aliwasiliana na watu wa nje kwa maandishi ya juisi ya chungwa, si ya ndimu, na mwenyewe anaeleza sababu. Maandishi ya ndimu ukiyalowesha yanaonekana, yakikauka yanapotea tena, kwa hiyo mlinzi anaweza kuyasoma na kuirudisha barua kama haikuguswa. Ya chungwa hutoka kwa moto, na yakishatoka hayafutiki. Aliyeipokea anajua papo hapo kama mtu mwingine ameshaisoma.

Usiku wenyewe walirusha kitonge cha risasi chenye uzi kutoka paa la Cradle Tower kuvuka handaki la maji, wenzao wakaufunga kwenye kamba, kamba ikavutwa juu. Walitegemea kuteleza kwa mserereko. Lakini ng'ambo kamba ilifungwa juu mno, ikawa karibu mlalo, hakuna mteremko. Akavuka kwa kujivuta kwa mikono ile ile iliyotundikwa miezi michache kabla.

Kobe Mpole

Halafu hana mzuka, mnaona? Aliyefaulu kutoka hatuzwi hadithi.

Tuje kwenye mzuka wa dubu na ule mrija wa kioo wa Martin Tower.

FundiSauti

Dubu na ule mrija wa kioo ni shahidi mmoja, Edmund Lenthal Swifte, mtunza vito vya taji kuanzia 1814. Alikuwa akiishi Martin Tower. Anasema Oktoba 1817, familia ikiwa mezani usiku, milango imefungwa, mapazia mazito yameshushwa, likatokea umbo kama mrija wa kioo wenye unene wa mkono, ndani kuna kitu kizito cheupe na samawati kinachozunguka. Likapita nyuma ya mkewe, likasimama juu ya bega lake la kulia. Yeye akalirushia kiti. Shemeji yake na mwanawe walikuwa meza hiyo hiyo na hawakuona kitu. Muda mfupi baadaye mlinzi wa nje akaona dubu anatokea chini ya mlango wa chumba cha vito, akapiga singe ikakwama kwenye mbao, akaanguka, na siku mbili tatu akafa.

Upande wake mzuri: shahidi ana jina, cheo na chumba. Upande wake mbaya: aliyaandika hayo mwaka 1860, miaka 43 baadaye.

Dubu wa kweli walikuwepo. Bustani ya wanyama ya mfalme ilikuwa mle ndani hadi 1835, na tangu 1811 kulikuwa na dubu mkubwa wa Amerika aliyeitwa Old Martin. Ila mabanda yalikuwa mlango wa magharibi, na Martin Tower iko kona ya kaskazini-mashariki. Dubu hakufika pale kwa miguu. Sauti za usiku ni jambo jingine. Simba akinguruma kwenye uwanja uliozungukwa na kuta za mawe, sikio halijui ananguruma wapi. Ongeza handaki lenye maji yaliyolala, ambalo halikukaushwa hadi 1843, na ukungu wake.

Kwa wanaotaka kupima chumba chochote cha kale, utaratibu ni huu. Baridi ya ghafla: chukua vipimajoto viwili, kimoja usawa wa kifundo cha mguu, kimoja usawa wa kichwa, viache dakika 15 bila kusogea. Cha chini kikiwa na baridi zaidi, kata utepe wa karatasi ya tishu uuning'inize mbele ya kila ufa, mlango uliozibwa na bomba la moshi. Ukiyumba upande mmoja tu, una upepo. Usitumie mshumaa, moto wake unajitengenezea upepo wenyewe. Hofu isiyo na sababu: zima feni na mashine zote kwanza. Vic Tandy, mhandisi wa Coventry, aliandika 1998 jinsi feni moja ilivyotoa mtetemo wa karibu hezi 19, chini ya uwezo wa sikio, watu wakawa wanatokwa jasho la baridi na kuona kivuli cha kijivu pembeni ya jicho. Feni ilipozimwa, kivuli kikahama.

Bin Kunguru

Kwa kuwa tunahakiki: ile amri ya Charles II kwamba kunguru sita wakiondoka ufalme unaanguka haipo kwenye kumbukumbu yoyote ya enzi yake. Kunguru wa Mnara wanaanza kuonekana kwenye mchoro wa 1883.

Mwanagenzi

Nimesikia palikuwa na tembo pia?

Bin Kunguru

1255, zawadi ya Louis IX wa Ufaransa kwa Henry III. Wakuu wa jiji waliamriwa wamjengee banda la futi 40 kwa 20, kwa gharama za wananchi wa London, na walilalamika. Alikufa 1257. Mzuka wa tembo hakuna aliyedai.

Kobe Mpole

Bado wale watoto wa mfalme waliotoweka mle ndani 1483, Edward V wa miaka 12 na mdogo wake Richard wa miaka 9. Nani anao?

Nahodha Mstaafu

Ninao, ila kwa tahadhari. Mwaka 1674 mafundi waliokuwa wakibomoa ngazi upande wa kusini wa White Tower walikuta sanduku la mbao futi 10 chini, lina mifupa ya watoto wawili. Waliitupa kwenye kifusi kwanza, ikaja kuokotwa tena. Mwaka 1678 ikawekwa Westminster Abbey kama mifupa ya wana wa mfalme. Ilifunguliwa 1933: umri ulikadiriwa unaokaribiana nao, lakini jinsia haikuthibitishwa, na ndani kulichanganyika mifupa ya wanyama. Vinasaba havijapimwa.

Watu humtaja Thomas More, mwandishi wa karne ya 16, kwamba aliandika walizikwa chini ya ngazi. Wanaishia katikati ya habari. More anaendelea kusema padri mmoja aliwafukua akawahamishia mahali pasipojulikana. Ukimwamini More, mifupa ya chini ya ngazi si yao. Ukiikubali mifupa, huna budi kumkataa More nusu.

Mwanagenzi

Ngazi yenyewe bado ipo?

Nahodha Mstaafu

Ilibomolewa na mafundi wale wale wa 1674. Mahali pake pana kibao cha maandishi, upande wa kusini, chini ya ngazi ya mbao wanayopandia wageni kuingia White Tower. Usipande haraka, kiko chini, na foleni inakupitisha kabla hujakiona.