Premio ya 1998: reki ya steringi (mtambo wa chini unaogeuza tairi) inavuja, sili (raba za kuzuia mafuta) zitatosha au nitafute reki nyingine?

Premio_Mbale:
Salaam mafundi. Gari ni Toyota Premio ya 1998, injini ya 7A. Kila asubuhi naikuta imedondosha mafuta mekundu nyuma ya tairi la mbele la kulia, doa kama kisahani cha chai. Kwa wiki naongeza haidroliki (hayo mafuta ya usukani) karibu robo lita. Usukani bado mwepesi, ila nikikata mpaka mwisho pampu inalia. Nimebinya mpira wa vumbi wa kulia, ndani kuna majimaji. Wa kushoto umechanika lakini ni mkavu. Fundi wa kwanza anasema reki nzima itupwe, wa pili anataka kumimina dawa ya kuziba, basi. Nisaidieni kabla sijapanda teksi kwenda Kampala kutafuta sipea.

Spana17:
Usinunue kitu bado, ndugu. Mafuta huteremka, na reki iko chini ya kila kitu, kwa hiyo hulaumiwa hata kwa makosa ya wengine. Osha kwanza kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, halafu puliza kwa kompresa mpaka pakauke. Kagua kuanzia juu: oringi pale bomba linapoingia kwenye pampu, kisha mpira wa presha, hasa raba inapobanwa na chuma. Hapo ndipo huanza kutoa jasho.

Gari liwe juu ya stendi, si jeki tupu. Mtu mmoja akae ndani, injini iko sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta), akate kulia na kushoto polepole huku wewe unamulika. Akifika mwisho asishikilie zaidi ya sekunde 5. Pale pampu inasukuma kwa nguvu zake zote na mafuta hayana pa kwenda, yanapata moto, na sili iliyochoka humalizikia hapohapo.

Baada ya hapo legeza klipu kubwa ya mpira wa vumbi, uvute nyuma, uchungulie. Grisi iliyolegea kidogo si kesi. Mafuta yakimwagika, sili imekwisha. Kwa usukani wa kulia, pinioni (gia ndogo inayozungushwa na usukani) iko kulia na silinda (sehemu ambamo presha ya mafuta husukuma) iko kushoto. Mpira wa kushoto ukijaa mafuta, mshtakiwa ni sili ya nje, iliyo mwishoni mwa silinda. Wa kulia ukijaa, ni sili ya ndani, kati ya silinda na pinioni, au sili ya chini ya valvu. Hiyo huifikii mpaka reki itoke kwenye gari. Ikiwa ni sili ya juu ya pinioni, mpira wa vumbi hubaki mkavu na mafuta utayaona kwenye krosi, yaani kiungo cha shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani.

Mama_Gereji:
Dawa ya kuziba kazi yake ni kuvimbisha raba. Sili iliyokakamaa kwa uzee inaweza kutulia kwa muda, lakini sili iliyokatwa au inayosugua shafti ya reki (chuma kirefu kinachoteleza ndani yake) yenye kutu haisikii dawa yoyote. Tena dawa haichagui, inalainisha hadi raba za pampu zilizokuwa nzima. Mbaya zaidi ni wale wanaomimina mafuta ya breki wakiyaita dawa. DOT 3 huharibu raba zilizotengenezwa kwa ATF (yale mafuta mekundu ya gia otomatiki na usukani), na ukishayaweka utabadilisha sili za reki, za pampu na mipira yote. Toyota ya umri huo inataka ATF ya Dexron II au III. (Mwenye Honda asinifuate hapa, ile ina mafuta yake.)

Halafu robo lita kwa wiki inanitia shaka, hata kama gari huvuja zaidi likitembea. Toyota nyingi za wakati huo zina valvu ndogo kwenye pampu, yenye mipira miwili myembamba ya hewa inayokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Inapandisha sailensa ukikata usukani. Ikichoka, injini inavuta haidroliki na kuichoma: moshi mweupe nyuma, chini pakavu. Chomoa mpira mmoja. Ukikuta wekundu ndani, una wezi wawili.

Premio_Mbale:
Asante Mama, asante Spana17. Mipira ya hewa ni mikavu. Mpira wa vumbi wa kulia nimeuvuta, vimemwagika kama vijiko viwili vya chai. Basi ni sili ya ndani. Fundi akianza kazi nimsimamie kwenye nini?

Chini_ya_Gari:
Kwenye yale yanayorukwa. Kabla ya kufungua chochote tairi zitazame mbele, na usukani ufungwe kwa mkanda wa kiti. Ukizungushwa ovyo wakati krosi imeachana, ule waya wa erbegi na honi uliojikunja nyuma ya usukani utakatika siku ya kwanza unayokata kona. Krosi ipigwe alama ya rangi. Tairodi endi (viungo vya mwisho vinavyoshika tairi) zihesabiwe mizunguko zinapofunguka na iandikwe, la sivyo gari litaenda kwa watu wa alaimenti (wanaonyoosha tairi) likitembea kama kaa.

Nati za bomba kwenye reki ni laini, spana ya kawaida inazila kona. Tumia spana ya bomba, ile ya duara yenye mdomo uliokatwa, mara nyingi namba 17. Bomba likitoka, matundu yafunikwe kwa nailoni safi papo hapo.

Reki ikiwa mezani, uamuzi wote uko kwenye shafti. Ifute, uiguse kwa ukucha sehemu yote laini isiyo na meno. Mpira wako wa kushoto umechanika, maana yake vumbi la murram na maji ya mvua vimekuwa vikiingia, na shafti ya upande huo ndiyo inayopita kwenye sili ya nje. Kwa hiyo hata kama leo inavuja kulia, mimi ningeanza kuangalia kushoto. Ukucha ukikwama kwenye kishimo cha kutu, usitie sili. Kingo za kile kishimo zitailamba sili mpya kila unapokata usukani. Doa lisilokwama lisuguliwe kwa msasa wa 2000 wenye mafuta, kwa kuzunguka shafti. Ukisugua kwa urefu unachimba mifereji ya kupitisha mafuta.

Seti ya sili inunuliwe kwa namba ya reki, si kwa jina la gari. Sasa, sili ya ndani inapita juu ya meno ya shafti ikiingia, na hapo ndipo kazi nyingi hufia: meno yanakata mdomo wake na hakuna anayeona. Kata chupa ya maji ya plastiki, uviringishe kipande juu ya meno, paka ATF, ndipo upitishe. Upande wenye springi utazame ndani ya silinda. Ringi ya teflon ya pistoni iwekwe kwanza kwenye maji ya moto inyooke, ikikaa mahali pake ibanwe irudi. Nati kubwa ya springi inayokandamiza shafti irudi kwenye alama yake ileile: ikikazwa mno usukani haurudi wenyewe baada ya kona, ikilegea reki inagonga kwenye mashimo. Na kile kibomba cha hewa kinachounganisha mipira miwili ya vumbi kisisahauliwe kwenye ndoo, la sivyo mipira itabonyea na kuvimba mpaka ipasuke.

Spana17:
Shafti ikiwa na mashimo ndipo uende Kisekka, soko la sipea la Kampala, na ubebe reki yako. Ukitaja "Premio" tu utapewa inayofanana. Linganisha urefu, masikio ya bolti, matundu ya bomba na meno ya pinioni. Omba mipira yote miwili ivutwe: reki iliyooshwa kwa petroli inang'aa nje, ila ndani ya mpira haidanganyi. Izungushe kutoka mwisho hadi mwisho. Ikikwama mahali, shafti imepinda. Ikiwa huru katikati na nzito huku na huku, mtu alikaza nati ya springi kuficha uchakavu. Risiti iandikwe siku za kurudisha, na uipige picha reki mbele ya muuzaji.

Mama_Gereji:
Nunua ATF lita 2, moja ya kusafishia na moja ya kujazia. Mpira wa kurudisha mafuta uelekezwe kwenye chupa mpaka yatoke mekundu safi. Tangi dogo lina chujio ndani, na likijaa tope jeusi pampu italia hata kwa reki mpya. Libadilishe.

Kutoa hewa: tairi za mbele ziwe juu, injini IMEZIMWA, kata mwisho hadi mwisho mara 20 taratibu huku ukiongeza mafuta. Wanaowasha kwanza wanayapiga povu. Ukiona rangi ya chai ya maziwa kwenye tangi, zima, subiri nusu saa, rudia. Kisha alaimenti.

Kwa sasa, mpaka siku ya kazi, pima haidroliki kila asubuhi. Pampu ikizunguka kavu inajisaga, na unga wa chuma unaingia kwenye reki. Kama ina belti yake peke yake na huna mafuta ya kuongeza, heri uitoe belti. Usukani utakuwa mzito kweli, hasa kuegesha, ila pampu itapona.