Beringi za trela la mashua: grisi ya mkono, kofia ya springi au habu ya oili?

Mashua Ndogo
Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kuamua. Nina trela la ekseli moja ambalo hushushwa majini karibu kila wiki, mara nyingi katika maji ya chumvi. Juzi nililiinua gurudumu la kushoto kwa jeki, na nilipolizungusha nikasikia mkwaruzo kana kwamba kuna mchanga ndani. Nilipofungua habu (kitovu cha gurudumu) nilikuta grisi imepauka na kulainika, na rola za beringi ya ndani zimeingia madoa ya kutu. Beringi na vikombe vyake (pete za nje ambamo rola huzungukia) nitabadilisha vyote, hilo halina mjadala. Swali langu ni la baada ya hapo: niendelee kufungua na kupaka grisi kwa mkono kila mwaka, nifunge kofia za springi (vifuniko vya habu vyenye springi inayosukuma grisi ndani), au nihamie kwenye habu za oili, ambamo beringi huzunguka ndani ya oili badala ya grisi?

Fundi Magurudumu
Kabla ya kulinganisha, tuelewane kwanza jinsi maji yanavyoingia. Habu hupata joto barabarani na hewa iliyomo ndani hutanuka. Ukifika na kulisukuma trela moja kwa moja ndani ya maji baridi, hewa ile hunywea ghafla na kuvuta maji kupitia sili ya nyuma (pete ya mpira inayoziba kati ya habu na ekseli), hasa ikiwa mdomo wake umechakaa. Kwa hiyo kila njia uliyoitaja naiuliza maswali mawili tu: inaisaidiaje sili hiyo, na sili ikishindwa, mwenye trela atajuaje?

Kupaka kwa mkono hakuisaidii sili kwa lolote zaidi ya kukulazimisha uweke mpya kila unapofungua, lakini hakuna njia nyingine inayokuonyesha hali halisi ya rola, vikombe na ekseli. Weka bonge la grisi kiganjani, kandamiza upande mpana wa beringi juu yake, na uendelee mpaka grisi itokeze upande wa pili katikati ya rola. Kuipaka kwa nje pekee ni kazi bure. Wakati wa kufunga, kaza nati huku ukizungusha gurudumu ili beringi zikae, ilegeze, kisha ikaze tena kwa vidole tu na kuirudisha nyuma kidogo hadi tundu la pini lilingane, halafu tia pini mpya. Nimeshaona beringi nyingi zilizouawa na spana kuliko zilizouawa na maji, kwa sababu mtu huikaza nati hiyo kana kwamba anafunga tairi.

Baharia wa Jumamosi
Mimi natumia kofia za springi. Ubora wake ni kwamba springi huibana grisi kwa msukumo mdogo unaozidi ule wa maji ya nje, hivyo habu inapopoa huwa haina nafasi tupu ya kuvuta maji. Vilevile ukaguzi wake ni wa dakika moja: bonyeza ukingo wa sahani iliyo ndani ya kofia, na ikicheza, grisi inatosha.

Hata hivyo nakiri kosa langu. Mwaka wa kwanza nilikuwa napampu grisi kila safari, nikiamini kuwa kuzidisha hakuna madhara. Sili ya nyuma ikasukumika na kutoka mahali pake, grisi ikalowesha bitana za breki, na nikagundua siku breki za upande mmoja zilipokataa kushika. Siku hizi naongeza mishindilio miwili au mitatu tu, na sahani ikishasogea, naacha.

Fundi Magurudumu
Hapo niongeze kwamba kofia hiyo huongeza grisi kwa mbele tu, na ile ya zamani iliyo karibu na beringi ya ndani hubaki palepale. Zipo ekseli zilizotobolewa katikati, ambazo grisi inayopampiwa kwenye nipeli (chuchu ya kuingizia grisi) hupita ndani yake, hutokea nyuma ya beringi ya ndani na kuisukuma chafu kuja mbele. Hizo ni bora zaidi, mradi upampu polepole huku gurudumu likizungushwa. Lakini watu husahau kwamba kuona grisi safi ikitoka mbele si sawa na kuiona beringi yenyewe.

Msafiri wa Mbali
Natetea habu za oili. Kifuniko chake kina dirisha, na oili ikigeuka nyeupe kama maziwa, unajua siku hiyohiyo kwamba maji yameingia. Kwa safari ndefu sijapata kitu kinachotulia kwa joto kama hicho. Nikisimama na kugusa habu kwa kiganja, ni vuguvugu tu.

Fundi Magurudumu
Nakubaliana nawe kuhusu dirisha. Tatizo ni kwamba grisi inayovuja hubaki nyingi ndani, ilhali oili inayovuja huisha yote, na sili yake hudai ekseli laini kabisa. Mashua Ndogo, pitisha ukucha mahali sili inapokaa. Ukikwama kwenye mfereji, sahau oili.

Baharia wa Jumamosi
Na usichanganye grisi. Ya lithiamu na ya poliyurea zikikutana zinaweza kulainika na kutiririka, kwa hiyo osha habu yote kwanza, kisha ushikilie aina moja ya baharini ya daraja la NLGI 2 (kipimo cha uzito wa grisi).

Mashua Ndogo
Ukucha umekwama. Oili nimeiacha, nitaondoa mfereji huo, nitaweka kofia za springi, na bado nitafungua kila mwaka. Beringi ya ndani imeandikwa L68149 na ya nje L44649.

Fundi Magurudumu
Basi vikombe vyake ni L68111 na L44610. Sili usiagize kwa namba za beringi, kwa sababu ekseli zenye beringi hizohizo hutofautiana mahali sili inapokaa. Pima kipenyo hapo, na pia tundu la habu kwa nyuma. Na ukifika majini, liache trela lipoe kwanza huku ukitayarisha kamba.