Pengo kwenye muundi: mfupa wa nyonga, BMP au PRP?

mama_wawili: Habari zenu ndugu. Mdogo wangu alivunjika muundi, mfupa ukatoka nje, kwenye kumsafisha wakaondoa vipande vilivyokufa, sasa eksirei inaonyesha pengo la kama sentimita 3 na huu ni mwezi wa saba tangu avunjike hamna kilichoota. Dokta katutajia kuchota mfupa nyongani, protini inaitwa BMP, au PRP. Tushike ipi?

jembe77: Pole sana dada. Mimi nilichotwa nyongani na mpaka leo hiyo ndo namba moja kwangu, maana mfupa wako mwenyewe unakuja na kila kitu, chembe hai, protini za kuamsha, na kiunzi cha mfupa mpya kushikia, halafu mwili haukatai. Ila nyonga iliniuma kuliko mguu, wiki za mwanzo nikijigeuza kitandani nang'ata shuka.

nesi_thieta: BMP sio ya kubeza. Daktari wa mifupa Mmarekani, Urist, 1965 alitoa madini kwenye mfupa akaupandikiza ndani ya msuli wa mnyama, na mfupa mpya ukaota humohumo kwenye nyama! Siku hizi BMP-2, aina mojawapo ya BMP, inalowekwa kwenye sponji ya kolajeni (protini ya nyuzi za mwili) inawekwa penye pengo, inageuza chembe za mwili ziwe za kujenga mfupa. Marekani waliiruhusu 2002 kwa mgongo, 2004 kwa muundi uliovunjika na kidonda. Ila ni ghali, inavimbisha (2008 walitoa onyo kuhusu kuitumia shingoni), na penye maambukizi au saratani haiwekwi.

mama_wawili: Na PRP? Naambiwa ni damu yake tu, haina shida.

nesi_thieta: Ni kweli ni damu yake, inazungushwa kwenye mashine wanabakiza chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwa wingi. Lakini haina kiunzi dada yangu, ni maji maji tu, pengo la sentimita 3 PRP peke yake mimi nakataa kabisa.

kipanga: Langu lilikuwa kubwa zaidi wakaenda hatua mbili, kwanza wakajaza saruji ya mifupa, baada ya wiki kama 8 mwili umeshaifunika kwa utando, wakaitoa wakapakia mfupa wa nyonga mulemule, na ule utando nao unatoa protini za ukuaji. Mfupa ulitoka nje, je wamehakikisha hamna wadudu ndani? Na mdogo wako anavuta sigara?

mama_wawili: Anavuta kaka, tena sana. Na kipimo cha wadudu hatujawahi kuonyeshwa, kesho naingia kwa dokta na hayo mawili kwanza.