Mdogo wangu amepata ajali ya ndege akiwa mafunzoni, mama anataka aache. Naombeni ushauri

Binti Machame
Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Mdogo wangu anasomea urubani hapa Arusha, ada nalipa mimi na kaka yetu, tuliuza kiwanja cha Bomang'ombe. Wiki iliyopita alikuwa anatua na Cessna 172, ile ndege ndogo ya injini moja, akiwa peke yake. Ndege iligonga chini, ikadunda, ikadunda tena, mara ya tatu gurudumu la mbele likakatika na panga la injini likachimba lami. Alitoka mwenyewe, ana alama ya mkanda begani tu. Mama kasema hatoi baraka tena. Yeye dogo anataka kurudi hewani hata kesho. Tumwache?

Nesi wa Majengo
Pole sana dada. Kapimwa? Mtu akitoka kwenye ajali mwili unakuwa bado umechemka, maumivu ya shingo na mgongo huja baadaye. Akilalamika kichwa, kutapika au ganzi mikononi, usisubiri asubuhi.

Kapteni Mstaafu
Poleni, na tumshukuru Mungu. Nimefundisha vijana miaka mingi, kutua kwa kudunda nakujua vizuri. Ndege ikidunda, mwanafunzi anashtuka na kusukuma usukani mbele ili aishushe. Hapo pua inatangulia, inadunda zaidi, na gurudumu la mbele halikuumbwa kubeba kishindo hicho. Dawa ni moja: weka nguvu yote ya injini, paa, zunguka uje utue upya. Hakuna aibu.

Halafu Kisongo, kwenye uwanja wa ndege wa Arusha, kuko juu, kama futi 4,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo saa ya mwendo ikisoma noti 65 (noti ni kipimo cha mwendo wa ndege), ndege yenyewe inakimbia karibu noti 70. Ardhi inaonekana inakuja kwa kasi, kijana anapunguza mwendo kwa macho badala ya kuamini saa. Jua la mchana likiwaka ndiyo mbaya zaidi.

Muulize: baada ya ule mdundo wa kwanza, mkono wako ulifanya nini? Akiweza kukueleza bila kusingizia upepo, huyo anafundishika. Akisema "ilitokea tu", asiguse ndege kwanza.

Mama Wawili Njiro
Mimi niko na mama yako. Mtoto ni mmoja, viwanja vipo.

Binti Machame
Asanteni. Hospitali walimwangalia juu juu siku ile, kesho nampeleka tena. Kapteni, nimempigia sasa hivi nikamuuliza. Kanyamaza, kisha akasema alisukuma. Ila anaogopa kuwaambia hivyo wachunguzi, anadhani watamfukuza.

Kapteni Mstaafu
Awaambie kama alivyokwambia wewe. Uchunguzi wa ajali za ndege, kwa kanuni za kimataifa, lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, siyo kutafuta wa kulaumiwa. Aandike maelezo yake sasa, kabla hajaanza kuchanganya na ya watu.

Akirudi, arudi na mkufunzi pembeni, wafanye kudunda na kupaa tena mpaka mkono uzoee. Peke yake baadaye, mkufunzi ndiye aseme lini. Na mama usimpigie simu, dada. Panda Machame ukakae naye, umpeleke na kijana mwenyewe amweleze.